Jina Nililokuwa Nikiliondoa

Saiba yangu iko Nchiru, upande wa chini wa lango la chuo, kati ya kibanda cha chapati na bucha. Ni chumba kimoja chenye kompyuta chache za wateja na moja yangu pale mlangoni, printa moja inayofanya kazi na nyingine iliyokufa ambayo sijapata moyo wa kuitupa. Wanafunzi huniita mathe, yaani mama kwa lugha yao. Mwenye bucha, Mwislamu wa mjini Meru ambaye mababu zake walitoka pande nyingi kiasi kwamba yeye mwenyewe hawezi kuzitaja zote, huniita jirani. Kanisani mimi ni dada katika Bwana. Mama yangu, aliyeko Kiambere, huniita mama mkwe. Kwa desturi yetu Wambeere binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na mimi ndiye binti wa kwanza na wa mwisho. Mama alinizaa, akanilea, na hadi leo hunitania kama bibi kizee aliyekuja kukagua sufuria zake. Ukijumlisha hao wote utaona kwamba hakuna mtu aliyekuwa akiniita kwa jina langu. Sikuwahi kuliona jambo hilo kuwa upweke mpaka nilipoanza kumtafuta ndugu yangu.

Kazi yangu hasa ni kutafutia watu mambo. Nachapa na kutoa fotokopi, ndiyo, lakini wanafunzi wana simu na bando na bado hunijia, kwa sababu hawajui kutafuta. Hilo hunikera sana. Mwanafunzi wa chuo kikuu hunakili swali zima la mwalimu wake, na alama zake zote na neno "jadili" mwishoni, analitupa kwenye mashine, kisha ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemletea takataka. Wengine husalimia kwanza. Nimewahi kumwona mtu mzima akiandika "habari ya leo, naomba kuuliza". Ni adabu nzuri mbele ya chifu, lakini mashine hutafuta maneno, nayo humletea salamu za dunia nzima.

Kuna mzee mmoja mkulima aliyekuja na jani la makadamia ndani ya mfuko wa karatasi. Alikuwa amekaa kwenye kompyuta ya kona kwa muda mrefu, kisha akageuka.

"Madam, hii mashine yako inanicheka."

"Umeandika nini, mzee?"

"Nimeandika mti yangu inakufa."

Nikaenda kuangalia. Alikuwa ameletewa nyimbo za maombolezo na mahubiri ya mazishi, ukurasa baada ya ukurasa. Nikamwambia mashine haijui ana uchungu, na hata ingejua isingemsaidia. Aeleze anachokiona kwa macho. Akasema ncha za majani zinakauka kwanza, halafu tawi la juu linafuata, na shina linatoa utomvu karibu na ardhi. "Basi andika hayo," nikamwambia, "jina la mti na hizo dalili, basi." Tukapata maelezo ya wataalamu wa kilimo, nikamchapia. Aliondoka ameshika karatasi na jani pamoja, na mimi nikabaki nikijisifu moyoni kwa sauti kubwa.

Hiyo ndiyo kanuni yangu ya kwanza na wateja wangu wote wameisikia hadi wamechoka. Usiandike swali lako. Jiulize mtu mwenye jibu amelieleza kwa maneno gani, halafu andika maneno yake. Ya pili ni alama za kunukuu: ukifunga maneno ndani yake, mashine huyatafuta yakiwa yamefuatana hivyo hivyo. Ya tatu ndiyo niliyoipenda kuliko zote, nayo ni alama ya kutoa. Ukitaka kitu fulani kisikuletee fujo, weka kistari kidogo mbele ya neno hilo, bila nafasi, na kurasa zote zenye neno hilo zinaondoka. Ni kama kupepeta. Niliwafundisha watu wengi kistari hicho.

Kanuni ya nne nilifundishwa na jirani yangu wa bucha, ingawa hakukusudia. Alikuwa akiumwa na kidole gumba cha mguu, kimevimba, hawezi kuvaa kiatu. Ijumaa moja, akitoka msikitini, akaja akakaa kwenye stuli yangu.

"Jirani, hebu niandikie hapo: faida ya nyama nyekundu kwa mtu anaumwa na kidole."

"Siandiki."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umeshajijibu. Sasa unatafuta tu shahidi."

"Si ndio kazi yako, kunitafutia shahidi?"

Tulicheka. Kisha nikaandika dalili zake bila kutaja nyama, na nyama ikajileta yenyewe, mstari wa kwanza wa vyakula vya kuepuka. Alisoma, akasema nimemharibia wiki. Lakini nilimweleza jambo ambalo nilidhani nalielewa: ukiingiza uamuzi wako kwenye maneno ya kutafutia, utarudishiwa uamuzi wako. Nilimweleza hivyo nikiwa nimenyoosha kidole kabisa.

Ndugu yangu ni mdogo wangu, mtoto pekee wa kiume. Tulichunga mbuzi pamoja juu ya bwawa la Kiambere, mahali ambapo nyaya za umeme hupita juu ya vichaka na kwenda kuwaka kwingine. Alipokuwa kijana alijifunza kujenga kwa mawe, akaondoka kufuata kazi. Mwanzoni alipiga simu. Alihama kutoka mji hadi mji, na kila simu ilikuwa na kelele za mahali papya. Baadaye simu zikapungua, halafu namba yake ikawa haipatikani, na sauti ya yule mwanamke wa kwenye simu, anayesema samahani bila kusikitika, ndiyo iliyobaki badala yake. Tulisema amebadilisha laini, atapiga. Miaka ikaenda.

Baba alipofariki tulimtangaza ndugu yangu kwenye redio ya lugha yetu. Nilimpigia kila fundi niliyemfahamu. Tulingoja kadiri watu wanavyoweza kungoja na mwili ukiwa mochari, kisha tukazika. Mwana wa kiume ana nafasi yake kaburini, ana udongo wake wa kutupa. Siku hiyo ami yangu alisimama pale badala yake, na watu wote waliona kwamba pale hapakuwa pake. Jioni, waombolezaji walipotawanyika, mama aliniita pembeni.

"Baba yako amezikwa bila kijana wake," akasema. Husema nami kwa Kimbeere siku zote. Hapa namweka kwa Kiswahili. "Mimi usinifanyie hivyo."

Sikuwa nimemfanyia baba jambo lolote. Lakini nilielewa alichoniomba, na tangu siku hiyo kikawa mzigo wangu. Mama anazeeka. Macho yake yamepungua nguvu, anajua mbuzi wake kwa sauti. Kila nikienda kumwona, nikipitia Karurumo kumchukulia ndizi mbivu kwa sababu kwao ni kukavu na ndizi haziko, swali lake la kwanza huwa moja. Huuliza kabla sijatua mfuko.

"Umempata?"

"Bado, mama."

"Haya. Keti unywe chai."

Nilianza pale ambapo mtu yeyote angeanza. Niliandika majina yake matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, nikayafunga kwa alama za kunukuu. Hakuna. Nikayalegeza, nikapata umati. Majina ya kwetu hayafi, yanapokezana kutoka kwa babu kwenda kwa mjukuu, kwa hiyo wanaume wenye jina la ndugu yangu ni wengi kuliko mbuzi. Nilimpata mkimbiaji, shemasi, mwalimu mkuu na mgombea wa udiwani mwenye kofia. Nilichungulia uso wa kila mmoja. Nilikuwa najua si yeye, na bado nilichungulia.

Nikaongeza Kiambere ili kupunguza watu. Hapo tatizo likageuka: nikaanza kuletewa mimi. Mimi na ndugu yangu tuna jina moja la baba, na mimi nimejaa mtandaoni. Kuna tangazo la saiba yangu, kuna ukurasa wa chama chetu cha akina mama, kuna picha za kwaya ambamo nimefumba macho katika kila picha. Kila nilipomtafuta yeye, nilisimama mimi mlangoni nikimzibia. Ilinichosha kujiona. Nikafanya kile ninachofundisha wateja: nikaweka kistari, nikaandika jina langu, na nikaondoka. Matokeo yakasafishika mara moja. Nilijipongeza kwa ufundi huo, na kuanzia hapo kila utafutaji wangu ulimalizika kwa kistari na jina langu, kama mtu anavyofunga mlango bila kufikiria.

Chuo kikifunga, Nchiru hubaki ganda tu. Vyumba vya kupanga vinafungwa, kibanda cha chapati kinafunikwa kwa turubai, na mchana unakuwa mrefu. Miezi hiyo sikuwa na wateja, nilikuwa na utafutaji wangu. Nilifungua asubuhi, nikafagia, nikawasha mashine moja, nikamtafuta ndugu yangu hadi jua likahamia upande wa pili wa barabara. Nilikuwa mpweke. Naliandika neno hilo wazi kwa sababu wakati ule sikulisema kwa mtu. Jirani akija kunisalimia nilisema niko na kazi nyingi, nikafunga ukurasa asione. Sikuolewa, sikuzaa, na sikuwa nimelilia jambo hilo, lakini kumtafuta mtu ambaye hakutafuti kunakufanya uanze kujiangalia upya. Nilijiuliza kama mimi ningepotea nani angekaa mchana kutwa akiandika jina langu.

Siku moja likanijia wazo ambalo niliona ni la akili sana. Nilikuwa namtafuta kijana aliyeondoka nyumbani, lakini kijana huyo hayupo tena popote. Kama yuko hai sasa ni mtu mzima, na huenda ni baba wa watoto. Na Mmbeere akiwa baba, hata awe wapi, najua watoto wake wanaitwa nani. Mwana wa kwanza wa kiume huchukua jina la baba wa baba. Ndugu yangu alibeba jina la babu, kwa hiyo mwanawe angebeba jina la baba yetu, na jina la pili lingekuwa la ndugu yangu, ambalo ndilo la babu. Yaani mjukuu angeitwa sawasawa na baba yangu alivyoitwa. Nikaandika jina la baba, nikalifunga.

Lililokuja la kwanza lilikuwa tangazo la kifo cha baba. Nilikuwa nimeliandika mimi mwenyewe, pale pale kwenye kiti hicho, kwa ajili ya ukurasa wa matangazo wa tarafa yetu. Kuna mahali nimesema "baba mpendwa wa", kisha jina langu na la ndugu yangu. Nilikuwa nimetoka kumtafuta aliye hai nikamkuta aliyekufa, kwa maneno yangu. Nikaweka tena kistari changu na jina langu, ili tangazo lile liondoke. Liliondoka. Nilijaribu pia jina la mama, kwa binti wa kwanza, na sikupata kitu. Nilizima mashine, nikafunga duka mapema, na sikumweleza mtu sababu.

Mwisho wa mwezi nilienda Kiambere. Mama alikuwa ameketi chini kivulini, ungo mapajani, akichagua ndengu kwa vidole kwa kuwa macho hayaoni tena vijiwe. Aliniuliza swali lake, nikamjibu jibu langu, tukanywa chai. Kisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akauliza zaidi.

"Hiyo mashine unaiambia nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia nimeacha kumtafuta yeye, sasa natafuta watoto wake. Uso wake ukafunguka kama mtu aliyesikia habari ya harusi. Wajukuu aliwaona pale pale, hakuhitaji ushahidi.

"Ukamwita mzee wangu?" Kwa kuwa mjukuu mwenye jina la mumewe kwake ni mumewe, na angemtania hivyo mpaka afe.

"Nilimwita. Hakuitika."

"Na mimi?"

"Na wewe pia."

"Wa pili ni wa kwao mkewe," akasema, akikunja kidole. "Mvulana wa pili ni baba ya mkewe, msichana wa pili ni mama ya mkewe. Hao hatuwajui, hatujui wametoka kwa nani." Akachagua ndengu kidogo. "Msichana wa tatu je?"

"Wa tatu ni nani?"

"Wa tatu ni wewe."

Nikacheka. Nilicheka vibaya, nadhani, kwa sababu aliacha kuchagua.

"Mtu hanipigii simu, mama, miaka yote hii, hajui kama niko hai. Ndiye atakayempa mtoto wake jina langu?"

"Kwani ana dada mwingine wapi?"

Nilikuwa nimepanga familia nzima ya ndugu yangu kichwani mwangu, nikampa kila mtu nafasi yake kwa desturi, marehemu kwa walio hai, na sikujiweka mimi. Hata haikunipitia akilini. Nilijiona kama mtu wa kutafuta, si mtu wa kupatikana.

"Jina lako umeliandika kwenye mashine?" mama akauliza.

"Nimeliondoa."

"Umeliondoa namna gani?"

"Kuna alama. Ukiiweka, kila mahali penye jina hilo hapaji. Nililiondoa kwa sababu lilikuwa linaniletea mimi tu."

Vidole vyake vilirudi kwenye ndengu, vikakuta kijiwe, akakitupa kando.

"Basi lirudishe," akasema.

Nilirudi Nchiru Jumapili, na Jumatatu nikafungua kama kawaida. Chuo kilikuwa kimefunguliwa, wateja walikuwa wengi, na nilimchapia msichana mmoja kazi yake ndefu kuhusu udongo kabla sijapata nafasi. Mchana palipotulia nikakaa. Nikaandika jina langu, lile la nyanya yangu, nikalifuatisha jina la ndugu yangu, nikayafunga pamoja kwa alama za kunukuu. Kabla sijabonyeza nilisoma nilichoandika. Sikuwahi kuyaona majina hayo mawili yamekaa hivyo, langu mbele na lake nyuma. Kwa utaratibu wetu hilo ni jina la binti yake.

Ulikuja ukurasa mmoja. Ni wa shule ya msingi huko Taveta, karibu na mpaka, walimu wakijivunia siku ya kupanda miti. Kulikuwa na picha ya msichana ameshika mche ndani ya mfuko wa plastiki mweusi, soksi moja imeshuka. Chini yake waliandika jina la ubatizo ambalo silijui, kisha jina langu, kisha la ndugu yangu, na kwamba mche wake ndio uliotunzwa vizuri kuliko yote. Ana paji la uso la mama. Alikuwa ametazama kamera kwa uso wa mtu aliyeambiwa atabasamu akakataa. Nina picha yangu ya ubatizo yenye uso huo huo, nayo imekuwa ikinichukiza maisha yangu yote.

Nilimwita jirani. Alikuja na aproni yake ya damu, akainama.

"Huyu ni wewe," akasema. "Ni wewe umevaa uniform."

Kisha nikafanya jambo ambalo sijui kwa nini nililifanya. Nikarudia utafutaji wangu wa zamani, jina la ndugu yangu na yale maneno niliyozoea kujaribu, shule, watoto, familia, pamoja na kistari changu. Ule ukurasa haukuwepo. Nikaondoa kistari. Ukatokea, chini kabisa kwenye ukurasa wa pili. Sijui ulikuwa pale tangu lini. Labda ulikuwepo miezi yote ile ya mchana mrefu, ukija hadi mlangoni, na mimi nikiufukuza. Jirani alikuwa bado amesimama nyuma yangu na hakuelewa kwa nini nalia, akaenda kuniletea maji.

Ukurasa ulikuwa na namba ya shule. Aliyepokea alikuwa mwalimu mwanamume, mwenye Kiswahili cha huko, kisicho na haraka. Nilimweleza kwamba namtafuta mzazi wa mwanafunzi. Akasema hawatoi namba za wazazi, na alikuwa na haki kusema hivyo, ila nimwachie yangu atampelekea ujumbe.

"Nimwambie ni nani anamuulizia?"

Nikamtajia jina langu.

"Dada, hilo ni jina la mtoto."

"Ndiyo," nikasema. "Na langu pia."

Akaniomba nirudie taratibu, akaandika. Nilipokata simu nilianza kuogopa. Majina ya kwetu ni mengi, nimelisema hilo tayari. Angeweza kuwa mtu mwingine, mwenye dada mwingine. Paji la uso si ushahidi, na mimi ndiye niliyemcheka jirani kwa kutafuta shahidi. Nilichapa vibaya siku hiyo iliyobaki na kesho yake. Mteja mmoja alinirudishia kazi yake mara mbili bila kulalamika, labda aliona uso wangu.

Simu ilikuja jioni ya siku hiyo ya pili, jua likiwa bado kwenye kaunta na wanafunzi wawili kwenye mashine. Namba ngeni. Nilitoka hadi mlangoni.

Hakunisalimia. Alisema kwa Kimbeere, kimekauka kidogo kwa kutotumiwa: "Mama bado yuko?"

"Yuko," nikasema. "Macho yamekwisha lakini masikio yapo. Anakungoja."

Nikamsikia akipumua. Kisha akazungumza kwa haraka, kama mtu anayetua gunia kabla halijampasukia. Simu iliibwa na namba zote zikaenda nayo. Alijiambia atarudi akiwa na kitu mkononi, na kitu hakikupatikana. Halafu akakutana na mtu wa Embu kwenye mjengo, mtu huyo akampa pole ya baba, na baba alikuwa ameshazikwa zamani. "Ningerudi nimwambie mama nini?" akasema. "Nilikuwa nimeshachelewa."

Nilikuwa na maneno makali niliyoyaweka tayari kwa miaka. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, nikiyarudia nikifagia. Nilifungua mdomo na nikayakosa.

"Mwambie uko hai," nikasema. "Hajaniomba kingine."

Nikampa namba ya mama. Akasema atampigia, na shule zikifungwa watakuja wote, yeye na mkewe na watoto. Nikamwambia watoto waje shule zikifungwa, lakini yeye apande gari wiki hii, kwa sababu mama anajua mbuzi wake kwa sauti tu, na mimi sitaki amjue mwanawe hivyo, kwa sauti ya simu. Akasema sawa. Alisema kwa ile sauti ya mdogo wangu nikimtuma kurudisha mbuzi aliyepotea, na nikajua atakuja.

Halafu nikamuuliza. Nilijaribu kuuliza kama jambo dogo.

"Huyu mtoto, mbona umempa jina langu?"

"Ni msichana wa tatu," akasema, kana kwamba nimeuliza kwa nini jua linachwea upande huo. "Wewe kila siku unaitwa hapa. Unaitwa uoge, unaitwa ule, unaitwa uache kupigana na wenzako. Hata sasa umechelewa, umeenda kumwagilia huo mti wako. Ngoja nikuite msalimiane."

Akaondoa simu sikioni. Nikamsikia akivuta pumzi, na akaita jina langu kwa sauti yote, ile ndefu ya kuitana kutoka kilima hadi kilima, kama alivyoniita tukiwa watoto, mbuzi wakiwa wameshuka upande wa maji naye hanioni. Mbali sana, katika hewa ya huko Taveta, mtoto hakujibu upesi.

Wanafunzi waliinua vichwa kutoka kwenye kompyuta kunitazama, maana mimi nilikuwa nimeshaitika.